Ngumi nazo zina msimu: hesabu za bondia kwa macho ya mkulima wa Kilombero

VIJANA wenye vifua vipana hawakosekani Ifakara. Wapo sokoni wakipakia magunia ya mpunga kwenye malori, wapo kwenye mashine za kukoboa, wapo Mang'ula, Mlimba na ng'ambo ya mto kuelekea Malinyi. Baadhi yao jioni hufunga vitambaa mikononi na kupigana na gunia lililojazwa mchanga, wakiwa na wazo moja kichwani: kwamba siku moja mikono ileile inayobeba magunia itawalipa zaidi ikitumika ulingoni.

Wazee wengi hulicheka wazo hilo. Wangelipima kwanza kama wanavyopima zao lolote jipya linaloletwa kijijini, kwa kuuliza linagharimu kiasi gani, linalipa lini, nani ananunua, na likiharibika nani anabeba hasara. Mkulima wa mpunga ana uzoefu wa maswali hayo kuliko bondia mwenyewe. Anaweka fedha shambani mvua zinapoanza, anapalilia, anafukuza ndege, na hapati senti hadi Mei, Juni au Julai. Bondia naye hutumia wiki nane au kumi kujiandaa kwa kazi isiyozidi saa moja, na hulipwa akishateremka ulingoni.

Mfano wa karibu hauhitaji kutafutwa mbali. Francis Cheka, mmoja wa mabondia wa Tanzania waliofika mbali zaidi katika ngumi za kulipwa, ni mtu wa Morogoro, mkoa uleule wa Kilombero. Agosti 30, 2013 alipanda ulingoni katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, akampiga kwa pointi Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF uzito wa super middle. Mji wa Morogoro ulimpokea kwa shangwe.

Baada ya shangwe Cheka alirudi kwenye shughuli iliyokuwa ikimlisha siku zote, nayo ni kukusanya na kuuza chupa za plastiki zilizotumika. Bingwa wa dunia mwenye mkanda kabatini alikuwa akiamka kwenda kupima makopo kwenye mizani! Wapo walioliona hilo kuwa aibu kwa taifa. Kwa hesabu za biashara halikuwa aibu hata kidogo. Chupa humpa mtu fedha kila wiki, ngumi humpa mara mbili au tatu kwa mwaka, tena bila uhakika. Mkulima anayepanda mpunga bondeni na kufuga kuku nyumbani anafanya jambo lilelile, na hakuna anayemcheka.

Mwaka huohuo wa 2013, akiwa na miaka 31, Cheka alifanya jambo jingine lililowashangaza watu. Alirudi shule. Alivaa sare akakaa darasani na watoto ambao angeweza kuwazaa, kwa sababu alitaka kujua Kiingereza. Mapromota wa nje huzungumza na kuandika kwa Kiingereza, na mtu asiyekielewa hutia saini karatasi aliyosomewa na mwingine. Bondia wa namna hiyo hana tofauti na mkulima anayesimama pembeni wakati dalali anapima mpunga wake. Rumbesa haifanywi kwenye gunia peke yake.

MIKANDA ILIVYO NA MADARAJA

Kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawaelezwi. Mikanda ya dunia si sawa, kama mchele usivyo sawa. Vyama vinne, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, ndivyo vyenye soko kubwa duniani na ndivyo televisheni na kumbi kubwa huvitazama kwanza. Vipo vyama vingine vingi, WBF kikiwa kimoja, ambavyo mikanda yake ni halali na hutafutwa kwa jasho, lakini bei yake sokoni ni ndogo. Mkulima anayepanda SARO 5, mbegu iliyotoka katika kituo cha utafiti cha hapohapo Ifakara, anavuna magunia mengi kwa ekari, lakini mwenye Supa yenye harufu akifika sokoni huuliza bei yake mwenyewe. Bondia anayejiandaa kwa miezi miwili lazima ajue analima mbegu gani.

Cheka alilionja hilo haraka. Desemba 2013, miezi minne tu baada ya kutwaa mkanda, alikwenda Urusi kupambana na Fedor Chudinov akapigwa. Bondia wa Afrika Mashariki anayeitwa Ulaya mara nyingi huitwa ili mwenyeji apate ushindi nyumbani kwake. Promota anayemwita analijua hilo, na bondia naye analijua. Anakwenda kwa sababu malipo ya usiku mmoja wa huko yanaweza kuzidi ya mwaka mzima nyumbani.

Lakini mambo huweza kugeuka. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, kupambana na Sam Eggington aliyekuwa mbele ya watu wake. Mwakinyo aliitwa muda mfupi kabla ya pambano. Alimaliza kazi raundi ya pili, na jina lake likapanda kwenye orodha za ubora duniani kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Aliyeitwa ghafla alikuwa tayari kimwili, na hapo ndipo penye siri yote. Mwenye mpunga uliokauka na kufungwa ghalani ndiye anayeuza lori la mnunuzi likitokea bila taarifa. Wenzake huwa bado wanaanika.

Miaka minne baadaye, Septemba 2022, Mwakinyo alikuwa Liverpool mbele ya Liam Smith, akashindwa raundi ya nne. Alieleza kuwa mzigo wake ulipotea safarini na viatu alivyopata vilimbana. Wapo waliomwamini na wapo waliomkejeli. Vyovyote iwavyo, maandalizi ya miezi yalikutana na tatizo la viatu, na mkulima aliyewahi kukwama kwa sababu ya mkanda wa trekta dogo kukatika siku ya kulima anaelewa.

HESABU YA SHILINGI

Tufanye hesabu ya mfano, namba zikiwa za kuonyesha njia tu. Bondia anaahidiwa Sh1,500,000 kwa pambano moja la ndani. Meneja anachukua asilimia 20, yaani Sh300,000. Kocha asilimia 10, Sh150,000. Zinabaki Sh1,050,000. Maandalizi ni wiki nane, sawa na siku 56, na mwili unaofanya mazoezi mara mbili kwa siku hauridhiki na ugali na mboga. Weka Sh7,000 za chakula cha ziada kila siku, inakuwa Sh392,000. Zimebaki Sh658,000. Nauli, vifaa na vipimo vya hospitali vile Sh150,000. Mkononi zinabaki Sh508,000, ambazo ukizigawa kwa siku 56 ni kama Sh9,000 kwa siku.

Hapo hajapumzika kuuguza mbavu, na hajapoteza. Akipata mapambano matatu kwa mwaka ana Sh1,524,000. Kijana mwenye ekari mbili nzuri za mpunga, mwaka ambao maji yamekuja vizuri, anaweza kumtazama bondia huyo bila wivu. Mwaka wa mafuriko, kama yale ya 2024 yaliyofunika mashamba bondeni, hesabu inageuka. Ndiyo maana swali la kuacha shamba ili kupigana limekaa vibaya tangu mwanzo. Swali lenye faida ni namna ya kuvipanga vyote viwili visigongane.

Medali za ngumi za ridhaa nazo zisimdanganye mtu kuhusu fedha. Titus Simba aliiletea Tanzania medali ya fedha kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Heshima hizo ni kubwa na hazifutiki. Ila heshima hailipi ada ya shule.

MKATABA NDIO SHAMBA

Nje ya ngumi upo mchezo unaowavutia vijana wengi sasa kupitia simu zao, wanaouita MMA, unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana. Bingwa wake mkubwa kutoka Afrika ni Francis Ngannou wa Kamerun. Alizaliwa kijiji cha Batié na utotoni alifanya kazi ya kuchimba mchanga. Akavuka jangwa hadi Morocco, akaingia Ulaya, akalala nje mjini Paris kabla ya kupata ukumbi wa mazoezi. Machi 27, 2021 alimwangusha Stipe Miocic na kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa kuliko zote katika mchezo huo.

Somo lake la biashara lilikuja baadaye. Januari 2023 aliondoka UFC akiwa bado bingwa. Alikataa mkataba mpya ingawa ulikuwa na fedha nyingi, kwa sababu alitaka mambo mengine yaandikwe humo: uhuru wa kupigana ngumi za kawaida, bima ya afya kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea wapiganaji mbele ya kampuni. Wengi walisema amepoteza akili. Oktoba 28, 2023 alipigana na Tyson Fury mjini Riyadh, akamwangusha raundi ya tatu na kushindwa kwa pointi za majaji kugawanyika. Mwenyewe alisema usiku huo ulimlipa kuliko miaka yake yote ya UFC.

Kampuni hiyo ilishtakiwa na wapiganaji wake wa zamani tangu mwaka 2014, wakidai kuwa mikataba ya kuwafunga muda mrefu iliwanyima nafasi ya kuuza kazi yao kwa wengine na kushusha malipo. Kesi moja iliishia kwa makubaliano ya dola milioni 375, na mahakama ikayaidhinisha mwaka 2025.

Wakulima wa miwa wa Kidatu na Ruaha hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Muwa ukishakatwa hauwezi kusubiri, na kampuni yenye viwanda ni moja. Bei inategemea kiwango cha utamu kinachopimwa kiwandani, kisha yanafuata makato ya kukata na kusafirisha. Ndiyo maana walijiunga katika vyama, ili wawe na sauti wakati wa kupima na kupanga bei. Bondia huingia ofisini peke yake. Kipo chombo cha kusimamia ngumi za kulipwa nchini, TPBRC, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na pambano lisilopita huko ni sawa na mzigo uliouzwa bila stakabadhi. Mnunuzi akikimbia hakuna pa kushtaki.

MWILI NI MTAJI USIOPANDWA MARA MBILI

Shamba likiharibika mwaka huu, mwakani litalimwa. Kichwa hakiko hivyo. Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alikufa Julai 1994 kutokana na majeraha aliyopata katika pambano Las Vegas. Conjestina Achieng, mwanamke wa Kenya aliyewika duniani mwaka 2004, baadaye aliugua ugonjwa wa akili na kuishi kwa misaada huku taji lake likikumbukwa na wachache. Bondia mwenye busara huuliza kabla ya pambano nani atalipa hospitali, na huacha mchezo akiwa bado anajua kuhesabu fedha zake.

Mtaji mwingine ni jina. Mwaka 2015 mahakama mjini Morogoro ilimhukumu Cheka kifungo kwa kosa la kumpiga mtu nje ya ulingo. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa ulingoni tena, lakini mdhamini anayeweka nembo ya duka lake kwenye kaptula ya bondia husoma magazeti pia.

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wa Ifakara wanapoingia. Mwenye mashine ya kukoboa au duka la pembejeo anayemnunulia kijana glovu na kumlipia vipimo anapata tangazo linalotembea, kwa gharama ndogo kuliko ubao wa barabarani. Aandike makubaliano hata kwenye daftari, ataje kiasi, muda na nini kitafanyika kijana akiumia.

Wanaotaka kuandaa mapambano Ifakara nao waitazame kalenda ya bondeni kabla ya kukodi ukumbi. Februari watu wako mashambani, njia za vijijini zina matope na fedha zote ziko kwenye palizi. Aprili ni mvua tupu. Kuanzia Julai mpunga umeingia sokoni, watu wa Malinyi na Mahenge wanavuka daraja la mto Kilombero kuja kununua mabati na baiskeli, na tiketi ya Sh5,000 haimuumizi mtu. Bondia atakayepigana Julai anaanza mazoezi Mei, wakati wa kuvuna, kwa hiyo aanze mapema kutafuta kibarua wa kumsaidia shambani.