Chujio la Maji Nyumbani: Jinsi ya Kulichagua na Kulitunza

Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, mto Ewaso Ng'iro hufika Isiolo ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Familia nyingi zinazochota mtoni, kwenye laga au kwenye silanga huacha maji yatulie hadi tope lizame, kisha huyanywa. Hata hivyo, maji kung'aa si ishara kwamba ni salama. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na watoto wadogo ndio huumia haraka zaidi.

Chujio hupunguza hatari hiyo, mradi lilingane na maji yanayotumika na litunzwe ipasavyo.

Kwanza, yajue maji yako

Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita 2, uisimamishe juu ya gazeti, kisha utazame kupitia mdomo wake. Ikiwa herufi kubwa za gazeti hazisomeki, maji hayo yana tope jingi na yataziba chujio. Yaache yatulie usiku kucha, kisha uyamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa.

Maji ya visima virefu mara nyingi huwa maangavu, lakini huenda yana chumvi au floraidi, madini yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Chujio la mchanga au la kauri haliondoi madini hayo, na kuyachemsha maji hakusaidii. Kiwango cha juu cha floraidi kinachokubalika katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye shaka aombe maji yapimwe, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati safi yawekwe kwa ajili ya kunywa.

Chujio lipi linafaa?

Chujio la mchanga ni sanduku la zege lenye kokoto chini na mchanga laini juu. Linahudumia familia kubwa na hudumu miaka mingi, lakini ni zito na halihamishwi ovyo. Linafaa boma la kudumu.

Chujio la kauri ni chungu cha udongo kinachowekwa ndani ya ndoo yenye mfereji. Hutoa takriban lita 1 hadi 3 kwa saa. Ni jepesi, ila huvunjika, na likipata ufa hata mdogo halifai tena.

Familia inayohamahama na mifugo itafaidika zaidi kwa kitambaa safi na dawa ya maji ya klorini, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa ikishatiwa, maji hukaa dakika 30 kabla ya kunywewa.

Kutumia chujio la mchanga

Mchanga wa laga ni rahisi kupata, lakini huwa umechanganyika na samadi na uchafu mwingine. Ulio bora ni wa mawe yaliyosagwa, uliochekechwa na kuoshwa.

Juu ya mchanga huota utando hai wa vijidudu vinavyokula viini vya magonjwa. Utando huo huchukua hadi siku 30 kukomaa. Katika kipindi hicho, na hata baadaye, maji yaliyochujwa yatiwe dawa au yachemshwe. Dawa isiwekwe kamwe kwenye maji yanayomiminwa ndani ya chujio, kwa sababu itaua utando.

Maji yakiacha kutiririka, yabaki sentimita 5 juu ya mchanga. Pumzisha chujio angalau saa 1 kabla ya kumimina tena, lakini lisikae zaidi ya saa 48 bila maji mapya. Likiachwa muda mrefu, utando hufa na kazi huanza upya.

Kusafisha

Chujio la mchanga linalotumia zaidi ya dakika 10 kutoa lita 1 limeziba. Kosa la kawaida ni kutoa mchanga wote na kuuosha kwa sabuni. Badala yake, mimina maji, zungusha kiganja polepole juu ya mchanga, uchote maji machafu, na urudie hadi yaanze kutiririka vizuri. Kwa siku kadhaa baadaye, usikose kutia dawa. Chungu cha kauri husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni.

Mtungi wa kuchotea mtoni usitumike kuhifadhia maji yaliyochujwa. Tumia chombo kingine chenye kifuniko na mfereji, ili kikombe au mkono usiingie ndani. Chujio zuri likimwaga maji kwenye mtungi mchafu, familia itakunywa uchafu uleule iliokusudia kuuondoa.

Mtu akiharisha maji mengi mfululizo, apelekwe kituo cha afya mara moja.