Pepo Katika Tanzia (Sehemu ya Tatu): Hongo Haonekani

Katika sehemu mbili zilizopita tulikuwa na wachawi watatu wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyopata Kiswahili mwaka 1968 kwa kazi ya S. S. Mushi. Tuliona kuwa wachawi wale hawamwagizi mtu kuua. Wanamwambia Macbeth atakuwa mfalme, basi. Jambia analishika mwenyewe. Leo tuje Rufiji, kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kwangu mimi hakuna tanzia ya Kiswahili iliyomtumia pepo kwa ustadi kuipita hii.

Watu wana njaa, wanalimishwa pamba ya Mjerumani kwa viboko, na Kinjeketile, mhusika mkuu, amejifungia ndani hasemi na mtu. Kisha Hongo, pepo wa maji, anamchukua mtoni. Wanaobaki nje wanangoja, wamekwisha kuamini kuwa amekufa. Anapotoka akiwa hai, ana habari ya maji yatakayowakinga watu na risasi, na ya makabila kuwa kitu kimoja.

Hapa tuangalie ufundi. Hongo mwenyewe hapandi jukwaani. Hana sura, hana vazi, hana sauti yake. Kila tunachojua juu yake kinapitia kinywani mwa binadamu mmoja aliyepagawa. Kwa hiyo hadhira inawekwa mahali pagumu: haiwezi kumkana Hongo, maana imemwona mtu akichukuliwa na kurudi, wala haiwezi kumthibitisha. Taharuki inaanzia papo hapo. Mwongozaji anayemvika mchezaji majani na kinyago ili tumwone Hongo anaibomoa tamthilia kwa mikono yake, kwa sababu pepo akishaonekana, swali limekwisha. Shakespeare alilijua hili pia: mzuka wa Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, huonwa karamuni na Macbeth peke yake, na waongozaji wengi wamekiacha kiti cha mzuka huyo kitupu.

Lakini kisu chenyewe kimo ndani ya ujumbe. Pamoja na habari ya maji, Kinjeketile aliyepagawa anatamka kwamba baada ya Mjerumani watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Umati unashangilia ushindi. Neno hilo unalipita. Akili inapomrudia, yeye halipiti. Seyyid Said ni sultani wa Unguja, aliyefariki mwaka 1856. Ni pepo gani huyu wa Rufiji anayewatoa watu kwenye kongwa moja na kuwapeleka kwenye jingine? Je, alisikia vibaya, au alidanganywa? Tangu hapo Kinjeketile ni mtu mwenye shaka aliyezungukwa na watu wasio na shaka, na sisi watazamaji ndio tunaoijua shaka yake. Kila wimbo wa vita unaoimbwa nje unazidi kumkaba koo. Wananchi wanadai ruhusa ya kupigana, naye anasita, na kadiri anavyosita ndivyo wanavyoyaamini maji zaidi. Neno limemtoka na halirudi.

Tofauti yake na Macbeth ni kubwa. Macbeth hujidanganya kwa tamaa: akiambiwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, analala usingizi. Kinjeketile hana tamaa ya kiti. Anaumia kwa kuwa anaielewa ahadi kuliko waliomwamini.

Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya yule wa historia. Yule wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, vita dhidi yao vikiwa vichanga. Yule wa jukwaani anaishi hadi anayaona maji yakishindwa. Anakamatwa, na gerezani anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa haamini tena alichokitamka, kwa kuwa kukiri kwake kungewaambia watoto wa kesho kuwa wazee wao walikufa bure. Hongo hasikiki. Pepo aliyeanzisha yote amenyamaza, na binadamu anabaki na neno peke yake. Ukimya huo unatisha kuliko radi zote za Macbeth.

Wiki ijayo tutaingia katika Mashetani, tamthilia ya Hussein ya mwaka 1971. Hadi hapo, msomaji, nakuomba ulisome tena onyesho la gerezani, na ulisome kwa sauti.