Nanasi ndani ya wiski: usisahau hesabu ya maji

MALORI ya mananasi ya Kiwangwa yanapoanza kujaza masoko ya Dar es Salaam kuelekea mwisho wa mwaka, bei hushuka. Kwa mwenye baa huo ni wakati wa kuingiza kokteli ya msimu, yaani wiski iliyolowekwa nanasi. Hata hivyo, kabla ya kutangaza bei, apige hesabu. Wengi huhesabu bei ya nanasi na kusahau maji yake.

Chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 40 ina mililita 300 za kilevi halisi. Ukitia gramu 300 za nanasi lililomenywa, umetia pia takriban mililita 255 za maji. Baada ya siku nne hivi, vikishachanganyika, nguvu hushuka hadi karibu asilimia 30. Ukichuja bado utapata kama mililita 750, lakini kwa makadirio robo ya kilevi ulichonunua imebaki ndani ya vipande. Anayetupa vipande hivyo anatupa mtaji. Viwekwe kwenye friji, kila glasi itoke na kimoja.

Nanasi liwe limeiva lakini gumu. Tumia chupa pana ya kioo, wiski ifunike tunda lote, funga, weka kwenye friji na onja kuanzia siku ya pili. Chuja kwa kitambaa safi. Embe lililoiva sana huvurugika na kuacha kinywaji kama uji. Nafuu kubwa, kwa maoni yangu, ni ganda la chungwa: lile tabaka jembamba la juu tu, bila weupe wake mchungu. Lina mafuta yenye harufu na maji kidogo mno, siku moja inatosha, na nguvu ya wiski haishuki sana.

Wiski ya bei mbaya haihitajiki, kwani nanasi litafunika utamu wake. Lakini iwe na lakiri na stempu ya kodi. Kuloweka tunda hakuondoi methanoli, na harufu ya nanasi itamzuia hata mnywaji mzoefu kushtuka.

Kwa glasi moja pima mililita 60, shira mililita 10 na matone mawili ya Angostura. Koroga na barafu kwa muda mfupi tu, maana maji yamekwishaingia. Chupa itatoa glasi 12. Jumlisha gharama ya wiski, nanasi, shira na barafu, gawanya kwa 12, ndipo uongeze faida yako. Anayetoza bei ya toti mbili za wiski kamili amweleze mteja kwamba hii ni nyepesi. Wanywaji wa wiski hugundua haraka.

Anza na chupa mbili, si katoni. Ijumaa moja itaonyesha kama inatoka.