Faili la zamani la simu: Kulihifadhi si kuweza kulirudisha

Simu ikigoma kuwaka baada ya kuapdeti, fundi hutafuta faili la mfumo wake ili aiflashi, yaani aupakie mfumo upya kutoka kwenye kompyuta. Ndiyo maana wengi hutunza mafaili ya zamani. Lakini je, simu itayakubali?

Kwa simu za Pixel, Google huweka mafaili hayo kwenye tovuti yake. Kila faili lina alama ya utambulisho iitwayo SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Faili likishapakuliwa, kompyuta huikokotoa alama hiyo. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika au limechezewa, halifai.

Hata faili zima linaweza kukataliwa. Agosti 2022, Android 13 ilipoingia kwenye Pixel 6, 6 Pro na 6a, ilibadili pia programu inayowasha simu. Baada ya hapo, mafaili ya Android 12 yaliyotolewa awali hayakuweza tena kuziwasha. Lengo lilikuwa kuzuia mianya ya usalama iliyozibwa isifunguliwe upya.

Kwa iPhone, kila toleo linaporudishwa huhitaji idhini ya seva za Apple. Apple ikishaacha kuidhinisha toleo fulani, faili lake hubaki kama ufunguo wa kufuli lililokwisha badilishwa.

Kwa hiyo, cha kuhifadhi kwanza kabla ya kuapdeti ni picha, namba na meseji. Kuflashi mara nyingi hufuta vyote, na hivyo havipatikani kwenye tovuti ya kampuni yoyote.