SERIKALI NAYO NI MNUNUZI

Serikali nayo hununua vitu. Hospitali hununua mayai na mboga za wagonjwa. Shule hununua madawati. Halmashauri hulipa watu wa kufyeka majani. Kazi hizi hutolewa kwa zabuni. Je, zabuni ni za matajiri wa mjini tu? Hapana.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 30 ni za vikundi kama vyenu hapa Mbwawa.

Lakini zabuni haimfuati mtu shambani. Fanyeni hivi:

1. Sajilini kikundi na mfungue akaunti ya benki. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii.

2. Mwombeni awaongoze kujiandikisha katika NeST. Huu ni mfumo wa kompyuta wa serikali ulioanza mwaka 2023. Zabuni hutangazwa na kuombwa humo.

3. Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei.

Kwenye hesabu ndipo wengi huumia. Tuseme hospitali inataka trei 50 za mayai. Chakula cha kuku, dawa na kazi yenu ni shilingi 6,500 kwa trei. Jumla ni 325,000. Ongezeni gari, 25,000. Sasa ni 350,000. Gawanyeni kwa 50: kila trei imewagharimu 7,000. Mkitaja 6,800 ili mpate zabuni, mtaipata pamoja na hasara ya shilingi 10,000.

Tena serikali hailipi papo hapo. Mzigo hukaguliwa kwanza, na malipo huweza kuchelewa. Kuku hawangoji malipo. Wanataka kula kila siku. Kwa hiyo msiombe zabuni inayozidi akiba yenu. Mkipungukiwa mtaji, ulizeni halmashauri juu ya mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tunzeni kila barua ya kuagizwa na kila hati ya kupokelewa mzigo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jadilianeni kikundini: Tunaweza kuuza nini? Kinatugharimu kiasi gani? Tunaweza kungoja malipo kwa muda gani?