NUSU EKARI SI HATUA 35 KWA 35

Ndugu msomaji, je, unajua ukubwa wa shamba lako? Wengi wetu tutajibu haraka, "Ekari mbili," au "Nusu ekari." Lakini ni nani aliyelipima? Na alilipima namna gani?

Tuchukue mfano. Kijana mmoja anataka kukodi nusu ekari. Anakwenda kwa mzee jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, naomba unikodishe nusu ekari msimu huu. Nataka kulima mahindi."

"Hakuna taabu. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Nusu ya 70 ni 35. Basi, tupime hatua 35 kwa 35."

Kijana anakubali. Analipa fedha za nusu ekari. Ananunua mbegu za nusu ekari. Siku ya kupanda anafika mwisho wa shamba. Anatazama mfuko. Nusu ya mbegu bado imo!

Mzee si mwizi. Kijana naye si mjinga. Wote wawili wamechanganya vitu viwili: urefu na eneo. Tusipojua tofauti ya vitu hivi, tutapoteza fedha, au tutagombana na majirani bure.

UREFU NI NINI? ENEO NI NINI?

Urefu ni kipimo cha mstari mmoja. Kamba ina urefu. Njia ya kwenda kisimani ina urefu. Wazee wetu walipima urefu kwa shubiri, kwa mkono na kwa pima. Leo tunapima kwa meta.

Eneo ni ukubwa wa mahali pote, kutoka upande huu hadi upande ule. Fikiria mkeka. Ukingo wa mkeka una urefu. Lakini pale unapokaa ni eneo. Mkeka unaweza kuwa mrefu sana, lakini kama ni mwembamba huwezi kulala juu yake.

Shamba ni kama mkeka. Kupima upande mmoja hakutoshi. Pima urefu, pima upana, kisha zidisha.

TUPIGE HESABU

Ekari ya mzee ni hatua 70 kwa 70:
70 × 70 = 4,900

Kipande alichopewa kijana ni hatua 35 kwa 35:
35 × 35 = 1,225

Sasa zidisha 1,225 mara 4. Unapata 4,900. Kumbe kijana alipewa robo ekari! Alilipa fedha za nusu ekari, akapata robo.

Kama huamini, chukua kijiti uchore mraba mchangani. Ukate katikati kwa mstari mmoja. Una vipande 2. Kila kipande ni nusu. Sasa ukate tena katikati, upande wa pili. Una vipande 4. Mzee alikata mara mbili, ndiyo maana ikawa robo.

Ukitaka nusu ekari, gawanya upande mmoja tu. Upande wa pili uache kama ulivyo:
70 × 35 = 2,450

Hiyo ndiyo nusu ya 4,900.

KAMBA YA KUZUNGUKA INADANGANYA

Watu wengine huzungusha kamba kwenye mashamba mawili. Wakiona kamba ni ileile, husema mashamba yako sawa. Je, ni kweli? Hebu tuone.

Shamba la kwanza ni hatua 70 kwa 70. Ukilizunguka lote utatembea hatua 280. Eneo lake ni 4,900.

Shamba la pili ni hatua 120 kwa 20. Ukilizunguka lote utatembea hatua 280 vilevile. Lakini 120 × 20 = 2,400. Halifiki hata nusu ya lile la kwanza!

Safari ya kuzunguka shamba huitwa mzingo. Mzingo ni urefu. Unakufaa unapotaka kujenga uzio. Lakini kodi ya shamba, mbegu, mbolea na mavuno hufuata eneo. Kwa hiyo jiulize kwanza: kitu hiki kitazunguka shamba, au kitaenea ndani ya shamba?

HATUA YA NANI?

Kuna jambo jingine. Hatua za watu hazilingani. Ekari moja ni meta za mraba 4,047. Hatua 70 kwa 70 hutoa ekari ikiwa kila hatua ni karibu sentimeta 91. Hiyo ni hatua ndefu.

Tuseme hatua yako ni sentimeta 85. Hatua 70 zitakuwa meta 59 na nusu. Ekari yako itakuwa na meta za mraba 3,540 tu. Umepungukiwa na meta za mraba zaidi ya 500. Upungufu mdogo wa hatua huwa upungufu mkubwa wa eneo.

FANYA HIVI

1. Tafuta kamba ya katani isiyovutika. Azima futikamba kwa fundi seremala. Pima kamba meta 10, ufunge fundo kila meta moja.

2. Pima pande zote nne za shamba. Kamba isilegee. Kama pande zinazotazamana hazilingani, au pembe zimepinda, mwombe bwana shamba akusaidie.

3. Zidisha urefu kwa upana. Jibu ligawanye kwa 4,047 upate ekari. Kwa mfano, shamba la meta 90 kwa 45 lina meta za mraba 4,050. Hilo ni karibu sawa na ekari moja. Ukitaka hekta, gawanya kwa 10,000. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

4. Chora shamba katika daftari. Andika kipimo cha kila upande, tarehe, na majina ya mashahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Turudi kwa kijana wetu. Alimrudia mzee akiwa na mfuko wake wa mbegu. Hakwenda kwa ugomvi. Walichora mraba mchangani, wakaukata, wakahesabu vipande. Mzee akacheka, akasema, "Kweli, mwanangu, nilikupa robo." Akampimia hatua nyingine 35 kwa 35, ubavuni mwa kile kipande cha kwanza. Mbegu zikatosha.

Nawe, ndugu msomaji, usione haya kupima mbele ya mwenye shamba. Pima kwanza, kisha lipa.

MASWALI

1. Shamba lina meta 100 kwa 50. Eneo lake ni meta za mraba ngapi? Je, linazidi ekari moja?

2. Unataka kujenga uzio wa shamba hilo. Utahitaji uzio wa meta ngapi?

3. Ukipewa robo ekari kwa hatua, utapima hatua ngapi kwa ngapi? Tafuta majibu mawili tofauti.

Majibu ya maswali haya yajadilini pamoja. Kisha nendeni shambani na kamba.