Fahamu: Njia ya hewa inapoziba, kisu au sindano?

Mgonjwa amepewa dawa ya usingizi, mrija umekataa kupita kooni na oksijeni ya barakoa haiingii. Daktari ana dakika chache tu kabla ubongo haujaanza kudhurika. Linalobaki ni kutoboa utando ulio chini kidogo ya kikoromeo, mbele ya shingo. Kwa kifaa gani?

Mjini Perth, Australia, madaktari wa usingizi walijizoeza kwa kondoo waliolazwa usingizi. Mwongozo wao wa mwaka 2009 ulitaka sindano itangulie, kisha kisu iwapo itashindikana. Kondoo ana faida moja kubwa: akikatwa hutoka damu, jambo ambalo sanamu ya plastiki haimfundishi daktari.

Uingereza ilitazama wagonjwa halisi. Uchunguzi wa kitaifa uitwao NAP4, uliotolewa mwaka 2011, ulibaini kuwa njia ya sindano ilishindwa kwa takriban asilimia 60, ilhali upasuaji wa kisu ulifaulu karibu kila mara. Mwaka 2015, chama cha huko kinachoshughulikia njia ngumu za hewa, Difficult Airway Society, kikaelekeza kisu namba 10, kijiti chembamba cha kuongozea, kisha mrija wa milimita 6.

Watetezi wa sindano hujibu kwamba kilichokosekana ni mafunzo.

Kondoo, hata hivyo, hawezi kuiga shingo nene ya mgonjwa mnene wala taharuki ya chumba cha upasuaji. Na kwa kuwa dakika ni chache mno kwa daktari kusitasita kati ya kisu na sindano, kila hospitali ichague mbinu moja na kuwazoeza watumishi wake mara kwa mara.